Masafa Rejea Ndani ya Uzi wa Kioo

Masafa rejea ni mawimbi yenye idadi ya mizunguko inayojulikana na isiyoyumba, ambayo vyombo vingine hupimwa au huongozwa kwayo. Msingi wake rasmi ni atomi ya seziamu: tangu mwaka 1967, sekunde moja ni muda wa mizunguko 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomi hiyo. Mitambo inayotoa masafa hayo kwa ubora wa juu ni michache, na hutunzwa katika maabara za taifa, ndani ya vyumba ambavyo joto lake halipandi mchana wala kushuka usiku. Wanaoyahitaji wako kwingine: wanafizikia wa vyuo vikuu, darubini za redio zilizotawanyika jangwani, vituo vinavyowasiliana na vyombo vya anga za mbali, wapimaji wa ardhi. Mfanyabiashara wa pwani aliweza kuchukua pishi lake kwapani akaenda kulilinganisha na la mwenzake. Masafa hayana pishi. Yapo tu pale mtambo unapopiga, na kuyafikisha kwingine ni ama kuuhamisha mtambo wenyewe, ama kutuma wimbi kupitia njia ambayo haitaliharibu.

Kuuhamisha mtambo kumewahi kufanyika. Maabara ya taifa ya Ufaransa, mjini Paris, iliunda saa ya chemchemi ya seziamu inayoweza kusafiri. Huitwa hivyo kwa sababu atomi hurushwa juu na kuanguka kama maji ya chemchemi. Saa hiyo ilipelekwa hadi Garching, karibu na München, ili watafiti wa taasisi ya Max Planck waitumie kupima masafa ya mwanga unaofyonzwa na atomi ya haidrojeni. Mwaka 2013 kikundi hichohicho kilichapisha kipimo kingine cha aina hiyo, na safari hii hakuna saa iliyopanda gari. Masafa ya seziamu yalitoka PTB, maabara ya taifa ya Ujerumani iliyoko Braunschweig, yakawafikia kupitia mkongo wa mwanga wenye urefu wa km 920.

Kabla ya mkongo, njia iliyozoeleka ilikuwa satelaiti, na kwa maabara nyingi bado ndiyo. Wimbi linalopita katika hewa na katika tabaka la ayoni hucheleweshwa kwa kiasi kinachobadilika kutwa nzima, kwa hiyo ulinganisho wa saa mbili kwa GPS au kwa satelaiti za mawasiliano huhitaji kukusanya vipimo kwa siku nyingi ndipo ukaribie sehemu moja katika 10¹⁶. Kwa saa za seziamu hiyo yatosha, kwa kuwa zenyewe zinaishia kwenye makosa ya sehemu chache katika 10¹⁶. Lakini saa mpya za mwanga, ambazo atomi zake za strontiamu au iterbiamu hupiga kwa mamia ya terahezi badala ya gigahezi 9, zimefika sehemu moja katika 10¹⁸. Kuzilinganisha hizo kwa satelaiti ni kupima dhahabu kwa mizani ya magunia.

Uzi wa mkongo wa mawasiliano ni kioo chembamba kama unywele, chenye kiini cha takriban mikromita 9 ambamo mwanga husafiri bila kuvuja. Mwanga usioonekana wa nanomita 1550 hivi hupoteza desibeli 0.2 tu kwa kilomita. Baada ya km 100 huwa imebaki asilimia 1 ya nguvu yake, kiasi ambacho kitambua mwanga hukiona bila taabu. Mawimbi ya redio hayaugusi. Mwanga huchukua mikrosekunde 5 kwa kila kilomita, na muda huo, ukiwa haubadiliki, hauna neno: mizunguko milioni ikiingia kila sekunde, mizunguko milioni itatoka kila sekunde, hata kama imechelewa njiani. Hapa ndipo kusafirisha masafa kunapoachana na kusafirisha wakati. Anayetaka kujua ni saa ngapi hasa lazima ajue ucheleweshaji wote wa njia. Anayetaka masafa anahitaji tu ucheleweshaji ubaki uleule.

Na haubaki uleule. Kioo kikipata joto, urefu wake na kasi ya mwanga ndani yake hubadilika, na ucheleweshaji huongezeka kwa takriban pikosekunde 37 kwa kila kilomita na kwa kila digrii 1. Uchukuliwe mkongo wa km 100 uliofukiwa kando ya barabara, ambao joto lake linapanda kwa digrii 0.1 katika saa moja ya asubuhi. Ucheleweshaji utaongezeka kwa pikosekunde 370, sawa na kurefuka kwa njia kwa sm 7 au 8, jambo ambalo mtumiaji wa intaneti hatalihisi kamwe. Lakini mwanga wa terahezi 194 hufanya mizunguko zaidi ya 70,000 katika muda huo mdogo, na mizunguko hiyo yote imesalia ndani ya kioo badala ya kutoka. Ikigawanywa kwa sekunde 3,600, kila sekunde inatoka pungufu ya mizunguko 20. Hilo ni kosa la sehemu moja katika 10¹³, yaani mara laki moja ya kosa la saa bora ya strontiamu inayotuma masafa hayo.

Joto angalau huja polepole. Juu yake kuna mitikisiko ya treni, malori na mashine za ujenzi, ambayo huuvuta na kuuachia uzi mara makumi kwa sekunde. Mkongo uliotundikwa nguzoni una hali mbaya zaidi, kwa sababu jua huupiga moja kwa moja na upepo huubembeza. Katika eneo la Karoo, Afrika Kusini, ambako darubini ya redio ya SKA inajengwa, watafiti walijaribu kupitisha mwanga thabiti katika km 154 za mkongo wa nguzoni, wakachapisha matokeo yao mwaka 2017: kazi inawezekana, ila kelele za upepo zinazidi sana zile za mkongo wa ardhini. Jambo hilo si la Karoo peke yake. Sehemu ya mikongo ya Tanzania na Kenya hufuata njia za umeme mkubwa, na yeyote atakayetaka kupitisha masafa rejea humo atakutana na upepo huohuo.

Masafa hupakiwa kwenye mwanga kwa namna zaidi ya moja. Iliyo rahisi ni kuufanya mwanga uongezeke na kupungua nguvu kwa mdundo wa masafa ya redio, kwa kawaida kati ya megahezi 10 na gigahezi kadhaa. Upande wa mbali kitambua mwanga huutoa mdundo huo kama umeme, tayari kwa matumizi. Shirika la anga la Marekani lilitumia njia hiyo tangu miaka ya 1980 kugawa masafa ya saa za haidrojeni kati ya antena zake za Goldstone, California. Darubini ya ALMA, kwenye uwanda wa juu wa Atacama nchini Chile, hutuma mwanga wa leza mbili kwa pamoja. Tofauti ya masafa yake ndiyo rejea inayozifikia antena 66. Kwa wakati wa saa na masafa ya kiwango cha kati kuna mfumo wa White Rabbit uliozaliwa CERN, unaotumia vifaa vya mtandao vilivyoboreshwa na kushika wakati kwa makosa yasiyofika nanosekunde 1. Kwa ubora wa juu kabisa, hata hivyo, hakuna mdundo unaopakiwa. Wimbi la mwanga lenyewe ndilo masafa rejea. Sababu yake ni hesabu tu: kosa lilelile la pikosekunde ni sehemu ndogo ya mzunguko mmoja wa gigahezi 1, lakini ni mamia ya mizunguko ya mwanga, hivyo huonekana kwa urahisi zaidi na huweza kusahihishwa kwa uangalifu zaidi.

Jinsi ya kulisahihisha ilionyeshwa mwaka 1994 na Long-Sheng Ma, Peter Jungner, Jun Ye na John Hall, katika taasisi ya JILA mjini Boulder, Marekani. Uzi wao ulikuwa wa mita 25. Mwanga wa leza hugawanywa. Sehemu ndogo hubaki nyumbani. Nyingine huingia mkongoni kupitia kipande cha fuwele kinachotetemeshwa kwa mawimbi ya sauti ya makumi ya megahezi, ambacho huyasogeza masafa ya mwanga kwa kiasi kilekile cha mtetemo huo. Huko uendako, sehemu ya mwanga hutumiwa na sehemu hurudishwa na kioo katika uzi uleule. Uliorudi umepita katika kila mtikisiko mara mbili. Ukikutanishwa na ule uliobaki nyumbani, miale hiyo miwili hutoa mdundo, kama nyuzi mbili za udi ambazo zimekaribia kulingana lakini hazijalingana, na kuyumba kwa mdundo huo ni mara mbili ya kosa la mkongo. Mtambo wa kielektroniki huchukua nusu yake na kubadilisha mtetemo wa fuwele upande wa kinyume. Mkongo unaporefuka na kumeza mizunguko 20 kwa sekunde, mwanga huwa umeshaongezewa mizunguko 20 kabla ya kuondoka.

Kuna ufundi mdogo unaoshikilia mbinu hii. Uzi wa kioo wenyewe hurudisha chembechembe za mwanga kila mahali, na viunganishi hurudisha zaidi. Ili mwanga uliofika mwisho usichanganyike na huo ulioishia njiani, fuwele ya pili huwekwa upande wa mbali na kuusogeza masafa yake kidogo, ukawa na alama yake. Kioo cha kurudisha nacho huwa cha aina inayougeuza mwelekeo wa mtetemo wa mwanga kwa digrii 90, hivyo mapindo yote ambayo uzi umeupindisha wakati wa kwenda hufumuliwa wakati wa kurudi.

Lakini yote yanasimama juu ya sharti moja: njia ya kurudi iwe ndiyo njia ya kwenda. Kuchukua nusu ya kosa kuna maana ikiwa tu nusu mbili ni sawa. Nyuzi mbili zilizolala ndani ya mkongo mmoja hazitoshi, kwa sababu hazipati joto na mkunjo kwa kiasi kilekile. Sharti hilo linagongana na desturi ya mitandao ya mawasiliano, ambayo data huenda kwa uzi mmoja na kurudi kwa mwingine, na amplifaya zake zimewekewa vizuizi vinavyoruhusu mwanga kupita upande mmoja tu. Anayetaka kupitisha masafa hana budi kukodi uzi mtupu, au kupewa rangi yake ya mwanga ndani ya uzi wenye data, na katika hali zote mbili kuweka kila kituo amplifaya zake zisizo na vizuizi. Amplifaya za namna hiyo ni kaidi: zikizidishwa nguvu, mwanga unaorudirudi baina yake huzigeuza kuwa leza, na masafa hupotea katika kelele. Ndiyo maana huachwa zikuze kwa uchache, desibeli kidogo kila kituo. PTB ilitumia pia mbinu nyingine, ambayo leza ya pembeni huulazimisha uzi wenyewe kuukuza mwanga kupitia mtawanyiko wa Brillouin.

Umbali una adhabu yake ya pili, na hii haiepukiki kwa fedha. Habari za mtikisiko uliotokea mwishoni mwa mkongo wa km 1,000 huchukua milisekunde 5 kufika nyumbani, na sahihisho huchukua 5 nyingine kwenda. Mtambo hauwezi kusahihisha mtikisiko unaobadilika haraka kuliko mazungumzo hayo. Kwa urefu huo kikomo chake ni takriban mitikisiko 50 kwa sekunde, na kwa km 100 ni 500. Suluhisho ni kuukata mkongo vipande, kila kipande kikiwa na leza yake inayofuata mwanga unaoingia na kusahihisha sehemu yake peke yake. Mtandao wa Ufaransa unaoitwa REFIMEVE umejengwa hivyo, ukipita ndani ya nyuzi za RENATER, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti, kwa mwanga wa nanomita 1542 unaosafiri bega kwa bega na data za wanafunzi. Mahali penye kelele nyingi kuna hatari moja zaidi: mtambo ukipotewa na mdundo kwa kufumba na kufumbua, huweza kuruka mzunguko mzima bila kujua. Mzunguko mmoja ulioruka haukisiwi wala haupunguzwi. Hugunduliwa kwa kuhesabu mara mbili kwa vyombo viwili, na data za dakika hiyo hutupwa.

Kazi ya Braunschweig na Garching iliyochapishwa mwaka 2012 ndiyo iliyoondoa shaka kwamba mbinu ya mita 25 inaweza kuvuka nchi. Kosa la mkongo lilishuka chini ya sehemu moja katika 10¹⁸. Kisha likaja swali gumu zaidi, la kuvuka mpaka. Mwaka 2015 mkongo wa Paris na ule wa Braunschweig ilikutanishwa Strasbourg, jumla km 1,415 za kioo kati ya miji ambayo kwa mstari ulionyooka imeachana kwa km 690. Saa mbili za strontiamu, zilizojengwa na mafundi tofauti kwa michoro tofauti, zililinganishwa na kukutwa zinakubaliana kwa sehemu 5 katika 10¹⁷. Sekunde 1,000, yaani chini ya dakika 17, zilitosha kufikia usahihi wa sehemu 3 katika 10¹⁷. Kwa aliyezoea kusubiri satelaiti kwa wiki nzima, tarakimu ya dakika 17 inavutia kuliko hata ile ya usahihi.

Kabla ya kukubaliana, saa hizo zilisahihishwa kwa ajili ya kimo. Kwa kanuni ya Einstein, saa iliyo juu hupiga haraka kuliko iliyo chini, kwa sehemu 1.1 katika 10¹⁶ kwa kila mita, na kati ya maabara hizo mbili kuna tofauti ya mita 25 hivi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya Mombasa. Saa mbili kamilifu zilizowekwa katika miji hiyo zingeachana kwa takriban mikrosekunde 6 kila mwaka, bila yoyote kuwa na hitilafu. Kinachowasumbua wapima saa ndicho kinachowafaa wapima ardhi, kwa kuwa saa mbili za sehemu moja katika 10¹⁸ zilizounganishwa kwa mkongo ni kipima kimo chenye usahihi wa sentimita 1, kisichohitaji kuonana kwa macho wala kusomewa bahari. Mwaka 2016 watafiti wa Japani waliunganisha saa mbili kwa km 30 za mkongo katika eneo la Tokyo na kupata tofauti ya kimo ya mita 15 kwa shaka ya sm 5. Miaka miwili baadaye zilichapishwa habari za saa ya strontiamu ya kusafiri iliyowekwa katika maabara ya chini ya milima ya Alpi, huko Modane, na kuunganishwa na Torino kwa mkongo. Tofauti ya kimo ilikuwa mita 1,000 na shaka ilikuwa mita 18 hivi. Tarakimu hiyo ya pili haipendezi, lakini kosa lilikuwa la saa iliyotikiswa barabarani. Mkongo ulitimiza wajibu wake.

Darubini za redio zina haja tofauti. Antena zinazotazama nyota moja kwa pamoja lazima zirekodi mawimbi kwa mdundo mmoja, la sivyo picha haiungani. Hapo masafa hayahitaji kuwa sahihi hadi 10¹⁸. Yanahitaji kufika sawasawa kwa kila sahani, kwa gharama inayobebeka, katika joto la jangwani. SKA upande wa Afrika Kusini itakuwa na sahani 197 zilizoenea hadi km 150, na kuipa kila moja saa yake ya haidrojeni kungekuwa ufujaji. Masafa hutoka mahali pamoja na kusambazwa kwa mikongo inayosahihishwa.

Matunda ambayo hayakutarajiwa yametoka kwenye takataka. Masahihisho ambayo fuwele huyafanya kila sekunde ni shajara ya kila kilichoutikisa mkongo, na kwa kawaida hutupwa. Watafiti wakiongozwa na Giuseppe Marra wa NPL, maabara ya taifa ya Uingereza, waliitazama shajara ya km 79 za mkongo wao wa ardhini wakaona humo alama za matetemeko ya ardhi yaliyotokea nchi za mbali. Walichapisha habari hizo mwaka 2018, pamoja na jaribio la mkongo wa bahari kati ya Malta na Sicily. Mwaka 2022 wakaenda mbali zaidi, kwenye mkongo wa km 5,860 unaovuka Atlantiki kutoka Uingereza hadi Kanada, wakitumia kijia kidogo cha mwanga kurudi ambacho kila amplifaya ya baharini huwa nacho kwa ajili ya ukaguzi. Kila kipande kati ya amplifaya mbili kikawa kipimo chake cha tetemeko chini ya bahari, mahali ambapo vipimo vya aina hiyo ni haba. Bahari ya Hindi nayo ina mikongo ya namna hiyo, ikiwamo SEACOM na EASSy inayotia nanga Mombasa na Dar es Salaam.

Kijia hicho cha ukaguzi kinatosha kusikiliza tetemeko. Hakitoshi kusafirisha masafa ya 10¹⁸. Amplifaya za baharini ni za upande mmoja, ziko kilindini kwa miaka 25, na hakuna mwenye mkongo atakayezipandisha ili kuondoa kizuizi kwa ajili ya saa. Kwa hiyo mitandao ya masafa imebaki kila mmoja ndani ya bara lake: London, Paris, Braunschweig na Torino zimo katika familia moja, na Tokyo iko katika nyingine. Jambo hilo lina uzito kwa sababu mkutano mkuu wa vipimo na mizani wa mwaka 2022 ulipanga ufafanuzi mpya wa sekunde, unaojengwa juu ya saa za mwanga, uwe tayari kupitishwa mwaka 2030, na ufafanuzi huo unadai saa za mabara mbalimbali zithibitishwe zinakubaliana. Italia na Japani zilipolinganisha saa zao za iterbiamu na strontiamu, zikiwa zimeachana kwa karibu km 9,000, mkongo ulibeba masafa kutoka Torino hadi kwenye antena ndogo iliyowekwa Medicina, karibu na Bologna. Kutoka hapo hadi Japani ulinganisho ulifanywa kwa antena za pande zote mbili kupokea, kwa wakati mmoja, mawimbi ya redio ya kwaza zilizo mabilioni ya miaka ya mwanga kutoka duniani.